Kioo cha Jimu Yetu Hulala Jioni

Ijumaa, saa kumi jioni. Mvua ya asubuhi imeacha matope hapa Turwa mpaka mlangoni, lakini jua limetoka na nguo zangu za mazoezi zinakauka kwenye kamba. Mikono inatetemeka ninapoandika, ila moyo ni mwepesi. Jana saa kama hii nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za duka la watu pale Bomani, nimekumbatia gauni ndani ya mfuko, nalia.

Nianze na gauni.

Kesho mdogo wangu Chacha anaoa, nyumbani kwetu Kisaka. Sisi dada zake tumeshona sare ya kitenge, na kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, macho ya ukoo mzima yataanzia kwangu. Fundi alitupima miezi mitatu iliyopita. Mwezi jana nikampigia simu nikamwambia kiuno changu akipunguze inchi nne. Akaniomba nipitie anipime upya. Nikamwambia asijisumbue, mwili wangu naujua mwenyewe.

Niliujua kutoka kwenye kioo.

Huu ni mwezi wa kumi nafanya mazoezi kwenye jimu ya Kocha Masanja. Kocha ni Msukuma aliyekuja huku kuchimba dhahabu. Shimo likamchosha, akahamia kwenye vyuma, na vyuma vyake vingi ni magurudumu ya mashine za kusaga na ekseli za magari yaliyokufa. Wanawake tunaingia saa kumi na mbili asubuhi, wanaume saa kumi na moja jioni. Mimi nilianza kwa sababu kazi yangu ni kuchapa barua na kutoa kopi, nakaa kutwa nzima, na siku moja niliposimama kumhudumia mteja, kiti nacho kilisimama na mimi. Yule mteja alikuwa na heshima zake, akatazama pembeni.

Mwanzoni tulikuwa wanawake kumi. Kila Jumatatu Kocha alitupandisha kwenye mzani, na kila baada ya Jumatatu mmoja wetu alikuwa haonekani tena. Mwishowe tukabaki wawili, mimi na Mama Ghati anayeuza ulezi na mahindi sokoni. Ndipo kikaja kioo.

Kocha alikinunua kutoka ukumbi mmoja uliobomolewa kule Sirari. Ni kirefu kunizidi mimi, kimegongomewa kwenye ubao mnene wenye fremu ya mbao ngumu. Siku kilipofika, mimi na Mama Ghati tulijitia kukishusha kwenye mkokoteni. Hakikusogea hata upana wa kidole. Wakaitwa vijana wawili wa gereji ya jirani, wakakishusha na kukisimamisha ukutani juu ya matofali huku wakihema.

Wiki hiyo hiyo mzani ukaharibika. Kocha alisema ni springi.

Jamani, kile kioo! Kiuno nilichokiacha sekondari kilikuwa kinarudi. Nikiinua vyuma namwona mwanamke mrefu, mwembamba, shingo imetoka. Wenzetu wawili wakasikia habari, wakaja kuhakikisha, na hawakuondoka tena. Mimi mwenyewe sikukosa asubuhi hata moja, hata zile za baridi ambazo blanketi linakushika mguu. Nyuma yangu kiooni mlango ulionekana mwembamba kama wa banda la mbuzi, na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Nakiri pia, maana hapa naandika ukweli: nilianza kuwatazama wanawake wengine kiunoni na kuwahurumia kimoyomoyo.

Mume wangu Marwa ndiye pekee aliyekuwa haoni kitu. Nikimuuliza kama nimepungua, ananitazama taratibu kama anakagua ng'ombe mnadani, kisha anasema mimi ni yule yule. Mara ya mwisho nilimnunia siku mbili. Nilimwambia akapimwe macho.

Basi jana nikaenda kwa fundi. Gauni lilipita kichwani, likafika mabegani, likagoma. Nikavuta, fundi akavuta, uzi ukalia. Akaniambia nitoke humo kabla hatujachana kitenge cha watu, kisha akachukua tepu. Kiuno changu kimepungua inchi moja.

Moja.

Halafu akapima mgongo, akatazama daftari lake, akapima tena.

"Dada Bhoke, siku hizi unabeba nini?"

Nilichukua gauni na mfuko wangu nikatoka, na hizo ngazi nilizozitaja ziko mlango wa tatu kutoka kwake. Kilichoniuma si gauni tu. Ni zile asubuhi zote. Miezi kumi ya kuamka kabla ya jogoo, na kumbe nimevuna inchi moja na mgongo wa mbeba magunia. Au tepu ndiyo inayodanganya? Nikafuta macho, nikaenda kuuliza kioo.

Nilisahau kwamba ni zamu ya wanaume. Walikuwa sita, vifua wazi, wamejipanga mbele ya kioo wanavimbisha mikono. Walipogeuka kuniona, mmoja alitafuta shati lake kwa haraka ya mtu aliyefumaniwa. Lakini mimi nilikuwa naangalia nyuma yao. Kulikuwa na mwanamke kiooni, mfupi, mpana kama kinu, ameshika mfuko kama wangu.

"Kocha, hicho kioo kimefanyaje?"

Kocha alijikuna shingo.

"Kimelala, dada."

Kweli kilikuwa kimelala, ule urefu wake wote umelazwa ubavu juu ya matofali. Kocha alinitoa nje akanieleza yote bila kuficha, na namshukuru kwa hilo. Kioo kilinyeshewa njiani kutoka Sirari, ubao ukapinda. Kikisimama kinamfanya mtu awe mwembamba. Kikilala kinamfupisha na kumpanua, na wanaume wako tayari kupungua urefu mradi mabega yawe mapana. Kwa hiyo kila jioni wawili wao wanakilaza, na wakimaliza wanakisimamisha kwa ajili yetu. Na mzani ni mzima. Umefichwa chini ya mikeka.

Nilimuuliza kwa nini alituficha. Akasema mzani ulikuwa unatufukuza na kioo kikaturudisha, yeye akaona ni afadhali tuje kwa uongo kuliko tukose kuja kwa ukweli. Nilirudi nyumbani nikamweleza Marwa. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akauliza kama bado kuna haja ya yeye kwenda kupimwa macho.

Leo nilikuwa nimeamua kutokwenda. Saa kumi na moja alfajiri mvua inapiga bati, nimelala nimefumbua macho, najiambia Bhoke, hakuna kilichokuwepo, lala. Lakini miguu ilikuwa imezoea. Ilishuka yenyewe.

Nikamkuta Mama Ghati ameshafungua, maana yeye ndiye anayekaa na ufunguo wa asubuhi. Kocha na wale wenzetu wawili walikuwa wamecheleweshwa na mvua. Kioo kimesimama kwa adabu zake zote kama kawaida. Nikamweleza Mama Ghati habari nzima, nikasema leo kitoke humu ndani.

Akakataa. Akasema hicho kioo ndicho kinachomwamsha, nikikitoa yeye anarudi kulala, na kwamba si dhambi mtu kupendwa na kioo kama nyumbani hapendwi na mtu. Akajitazama tena, kulia na kushoto, kama anayeuaga ule wembamba. Halafu akaingiwa na udadisi.

"Hebu tukilaze kwanza, na mimi nijione hicho kinu."

Tukakishika, yeye huku na mimi kule. Tukachuchumaa kama Kocha anavyotufundisha, mgongo umenyooka, tukanyanyua. Tukakishusha kutoka kwenye matofali, tukakigeuza, tukakilaza. Mama Ghati alisogea nyuma, akajiona, akacheka mpaka akakaa chini, na akiwa amekaa alionekana mpana zaidi, tukaanza upya. Wale wawili walipoingia wakapiga yowe mlangoni. Tukawaeleza. Mmoja alinuna kidogo, kisha akaanza kujaribu mikao.

Hakuna aliyeondoka. Tulipasha misuli mbele ya vibonge wanne wa kiooni waliokuwa wanacheka, tukainua vyuma vile vile, mara zile zile.

Kocha aliingia tukiwa katikati, koti linachuruzika maji. Akatazama kioo. Nikajua anatafuta maneno ya kuomba radhi, maana alifungua mdomo mara mbili. Lakini kilichotoka kilikuwa kingine.

"Nani amekuja kuwasaidia kukigeuza?"

Tukatazamana. Naapa, mpaka dakika hiyo hakuna kati yetu aliyekuwa amelifikiria hilo. Mimi mikono yangu ndiyo iliyokishika na sikulifikiria.

"Mura," Mama Ghati akamwambia, kama tunavyomwita kijana huku kwetu, "kwani unamwona nani mwingine humu?"

Kocha alitazama kioo, akatutazama sisi. Alikwenda kwenye kona, akabeba magurudumu mawili makubwa, akayaongeza kwenye chuma changu bila kuniuliza. Nikayainua. Ndiyo maana mikono inatetemeka hadi sasa.

Kutoka hapo nilimrudishia fundi gauni na kumwomba radhi kwa kuondoka bila kuaga. Kitambaa cha kilemba changu amekikata chote kuongezea mgongoni, kwa hiyo kesho nitakwenda kichwa wazi. Nimelijaribu mchana huu. Nimeinua mikono juu, nimeinama, nimechuchumaa. Halijalia.

Mama amepiga simu sasa hivi kutoka Kisaka. Ana wasiwasi na yale masufuria makubwa ya pilau ya kuazima, yanahitaji wanaume wawili kuyashusha motoni, na wanaume wenyewe anawafahamu, kesho saa ya chakula watakuwa wamejificha. Aliniuliza kama Marwa anaweza kusaidia.

Nimemwambia amwache Marwa apumzike. Sufuria moja, mtu mmoja huku, mimi kule. Gauni ninalo, na mgongoni lina nafasi.