Ua la Ithembo

Mutindi, wacha kila kitu usome hii.

Nimetoka kanisani sasa hivi. Mzee Muthama amesimama mbele ya watu wote akasema nisichaguliwe kuongoza kina mama. Eti mwaka wa themanini na nne, ule wa njaa, nilikuwa napanda milima ya Kilungu kwenda ithembo, pale watu walikuwa wanatolea sadaka ya mvua. Ithembo! Mimi!

Na ni kweli nilienda. Nilienda na kamera kupiga picha ya maua. Pale hakuna mtu hukata hata jani, ndiyo maana maua yaliyoisha kwingine yalibaki pale. Sikuomba msamaha wakati ule na siombi leo.

Unajua ile picha niliyopiga pale, ya ua jeupe kwa mwamba? Siku hizi nimeihamishia kwa simu. Nikampatia pasta. Nikamwambia, "Ua umeliona. Sasa angalia nyuma yake."

Nyuma kuna kijana amepiga magoti, anamwaga maziwa ya sadaka.

Pasta akavaa miwani. Akauliza polepole, "Mzee Muthama, huyu si ni wewe?"

Aki nilikuwa nimemfichia miaka arobaini, Mutindi. Njaa ilikuwa njaa. Lakini ua langu asiliguse.