Ratiba ya Basi Lako

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku ugenini, wiki ya tatu sasa. Hujambo? Wifi na watoto hawajambo? Magoti ya mama yanaendeleaje? Mimi mwili ni mzima, ila moyo haujatulia hata kidogo. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu ungenikata kalima na mizaha yako, nami ningepata pa kutorokea. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla ya kusema neno, hata kama wifi anakuita chakula kinapoa.

Unajua kwamba ofisi yetu ya usafiri ilinileta huku nijifunze kwa nini mabasi ya wenzetu yanafika kwa wakati na ya kwetu hayafiki. Siku ya kuondoka, mkubwa wetu aliniambia jibu analijua tayari: wenzetu wana pesa, na watu wao wana adabu. Nilikuja na jibu hilo mkobani, nikitafuta tu pa kulithibitishia.

Pesa wanazo, sikatai. Serikali yao inachangia gharama ya kila safari, na barabara kubwa zina njia ya mabasi peke yake. Lakini mabasi yenyewe, kaka, ungecheka! Lile ninalopanda kila asubuhi ni kuukuu kuliko lako. Viti vimetiwa viraka na mlango wa nyuma hulia kila unapofunguliwa. Adabu nayo ni ya kawaida tu. Juzi bwana mmoja mwenye tai alinipiga kiwiko akiwahi kiti, wala hakugeuka kuniomba radhi.

Mwenyeji wangu ni mama wa makamo aliyeendesha basi miaka kumi na miwili kabla ya kuhamia ofisini kupanga ratiba. Hapangi njia yoyote kabla hajapanda basi lake, siku ya kazi, saa ambazo watu wanabanana. Jumatatu alinichukua, saa ya kupimia mkononi na daftari mapajani. Kituo cha tatu akapanda mzee mwenye mkongojo. Dereva alimtazama kwenye kioo, akasubiri. Mzee akakiendea kiti, akakitilia shaka, akachagua kingine, akakaa. Ndipo basi likaondoka. Zilipita sekunde hamsini na mbili, na mimi nilikwisha kumhesabia dereva kosa.

Nilimuuliza mwenyeji wangu muda ule utafidiwa wapi. Alinishangaa. Akasema haufidiwi popote, umo ndani ya ratiba, maana wazee wanapanda basi kila siku. Na kweli, tulifika mwisho wa njia kwa wakati wake.

Kisha akauliza sisi kwetu tunapimaje. Nikamjibu kwamba tunapima vilevile kama wao. Nilitamka uongo huo bila kupepesa macho, halafu nikageukia dirishani na kujifanya ninakohoa, kumbe ninalia.

Kaka, ratiba ya njia yako niliiandika mimi. Umekuwa ukidhani imetoka kwa mkubwa, nami nikakuacha udhani hivyo. Aliitaka mezani kwake Jumatatu asubuhi. Jumapili nikamwomba dereva wa ofisi anipitishe njia nzima kwa gari letu dogo. Barabara ilikuwa nyeupe. Tulitumia dakika arobaini na moja. Vituo vyote kumi na tisa tulivipita bila kusimama, nikaviongezea jumla ya dakika nne kwa kukisia tu, nikiwa nimekaa kwenye kiti laini. Na pale fomu ilipouliza siku ya kupima, niliandika Jumanne iliyotangulia, siku ya kazi.

Wewe ulipewa onyo la kwanza la kuchelewa, kisha la pili, ukaambiwa la tatu ndilo la kufukuzwa. Ndiyo maana siku ile uliondoa basi kabla yule mama abiria hajakaa. Akaanguka, akavunjika nyonga, nawe ukasimamishwa kazi kwa uzembe. Jioni yake, nyumbani kwa mama, ulisema aliyeandika ratiba ile hajawahi kupanda basi maishani mwake. Mimi nilikuwa mbele yako, nakumiminia chai. Nikakujibu kwamba sheria ni msumeno. Ukaitazama mikono yako. Naona aibu, kaka. Naona aibu mpaka nashindwa kujitazama kwenye kioo.

Kamati ya nidhamu inakusikiliza Alhamisi ijayo. Ndani ya bahasha hii kuna nakala ya fomu yangu, na ya ukurasa wa daftari la gari la ofisi unaoonyesha tulitoka Jumapili. Dereva wetu amenitumia bila kuniuliza sababu. Wape karatasi zote mbili.

Lakini nakujua. Tangu utotoni, kila nilichovunja mimi, fimbo ulipigwa wewe. Utafikiria ada ya shule ya mwanangu, utafikiria presha ya mama, utazichana karatasi hizi na kuwaambia kosa ni lako. Kwa hiyo nimetuma nakala nyingine kwa mwenyekiti wa kamati, pamoja na barua yenye sahihi yangu. Niliiweka posta jana, kabla ya kukuandikia wewe, ili usipate nafasi ya kunizuia.

Wabusu watoto kwa niaba yangu. Wifi mwambie asinichukie haraka, angojee nifike anichukie nikiwa mbele yake. Mama usimsomee barua hii. Nitamweleza kwa kinywa changu. Nimesikia unakwenda hospitali kila siku kumwona yule mama aliyeanguka, na kwamba huwa anakuuliza ulikuwa unakimbilia wapi. Usimjibu. Mwambie aliyekuwa anakukimbiza anakuja Jumamosi.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba