Mwizi Aliyekosekana kwa Marko

We bwana, usinipigie, nimekaa karibu na dada. Soma tu.

Leo ilikuwa ibada ya kumkumbuka mwanawe, yule aliyefia gerezani kwa kesi ya wizi. Dada aliomba lisomwe neno la wale wezi wawili msalabani, amsikie yule mmoja akiahidiwa kuingia peponi. Unajua ndilo lililomshikilia tangu tuzike.

Msomaji akafungua Injili ya Marko badala ya Luka. Marko! Huko wezi wote wawili wanamtukana Yesu, basi, habari yao imeisha.

Dada akainuka. "Wangu yuko wapi?"

Msomaji akababaika. "Mama, hapa hayupo."

Hayupo! Hivyo hivyo, mbele ya watu.

Mchungaji akaja mbio. "Yuko kwa Luka, mama. Kila mmoja aliandika alivyopokea."

"Luka alikuwepo, akasikia?"

Mchungaji yule si mwongo. Akainamisha kichwa. "Hakuwepo, mama. Alisimuliwa."

Dada akaketi polepole, kama mtu anayetafuta kiti gizani.

Unakumbuka askari jela walituambia kijana alikufa akitukana. Mfungwa mwenzake akaapa kwamba alikufa akisali. Miaka yote dada amemwamini mfungwa, kwa sababu ya Luka.

Sasa yuko jikoni, hata viatu hajavua. Ameniuliza jambo moja tu: "Yule mfungwa aliniambia kweli, au alinionea huruma?"

Mimi niliyezunguka nchi zote hizi, mwenye jibu la kila jambo, bwana, nimejifanya natafuta kiberiti.