Ingia, Mama Polikarp

Mama yetu Kristiana, leo, Novemba 19, 1985, umetimia mwaka tangu tulipokuzika hapa Mpui. Mvua ya kwanza ilikuwa inanyesha na waombolezaji wakitupia mashamba yao jicho la pembeni. Hatukuwalaumu. Hata wewe ungetupia.

Tulidhani kufikia leo tungekuwa tumelia. Bado. Tunaamka, tunalima, tunakula, tunalala. Tumekufa ganzi, ndilo neno lake, na hatujui itatutoka lini.

Wengi wanakukumbuka kwa ugali wako wa ulezi na mkono usiojua kunyima. Sisi tutasema na lile ambalo matangazo ya namna hii hulipita kimya: ulifungwa. Mwenyewe hukulificha, tulifiche sisi kwa nini?

Mwaka 1974 tulihamishiwa kijijini kama wenzetu. Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, hivyo nyumba uliibomoa wewe na nguzo ukazibeba wewe, bila kubisha. Ila kule kwenye mahame uliacha intumba zako, yale matuta ya duara ya sisi Wafipa. Nyasi ulizifukia ndani yake tangu Februari, zikaoza vizuri, zikawa zinangoja kupasuliwa na kupandwa ulezi. Mvua zilipoanza ukarudi na jembe. Ukakatazwa, ukarudi tena. Mara ya tatu mgambo Gaudensi, jirani yetu, akakukuta juu ya tuta.

"Nyasi nimezifukia mwenyewe," ulimwambia hakimu. "Nimwachie nani?"

Ukapewa mwaka mmoja.

Zita alikuwa na mwaka na nusu, bado ananyonya. Ungeweza kwenda naye, wenye watoto wachanga waliruhusiwa. Ulikataa. Ulimkabidhi mdogo wako Cornelia palepale nje ya mahakama, ukamwambia, "Akilia, mwambie mama ni wewe." Ulisema kwa mapenzi, lakini kosa lako kubwa ni hilo, si la matuta. Cornelia ni mtu wa kutii. Alimwambia kila siku.

Uliporudi, Zita alikimbilia nyuma ya khanga ya Cornelia. Akasikia majirani wakikuita Mama Polikarp, kwa jina la kaka yetu mkubwa, naye akakuita hivyohivyo. Cornelia alitaka kumchapa.

"Mwache," ulisema. "Niliyataka mwenyewe."

Ukamchukua, ukamlea, ukamsuka, ukampeleka darasa la kwanza. Jina likabaki lile lile. Tulikuona ukitega sikio. Hukumwomba hata siku moja, nasi hatukukwambia kwamba tunajua unachosubiri.

Shamba jipya ulilopewa lilikuwa ukingoni mwa kijiji, udongo mgumu. Ulipika pombe ya ulezi, ukaalika watu waje kukusaidia kutengeneza matuta, kama ilivyo desturi. Waliogopa kuonekana na mfungwa. Akaja mmoja tu, jembe begani: Gaudensi.

"Shikamoo, Mama Polikarp. Nasikia kuna pombe."

"Marahaba. Ipo. Baada ya tuta la ishirini."

Alifika ishirini na tatu. Kesho yake wakaja na wengine. Tulipokununia kwa kumjazia kibuyu mtu yule, ulisema aliyekukamata juu ya tuta angalau tuta analijua.

Gereza lilikuachia tabia zake. Ulikula upesi, ukiwa umesimama. Na kila uliporudi nyumbani kwako ulisimama mlangoni mpaka mtu akwambie uingie. Sisi wakubwa tuliona aibu, tukajifanya hatuoni. Zita hakuona ajabu, kwani hakukujua vinginevyo. Alipaza sauti kutoka jikoni, "Ingia, Mama Polikarp," ndipo ukaingia. Ilikuwa hivyo miaka tisa.

Mwaka jana tumbo lilipokuzidia tulikupeleka hospitali Sumbawanga. Ulikaa siku nne. Tulikurudisha ndani ya sanduku, na wanaume wanne wakalibeba hadi mlangoni. Mlango wako ni mwembamba, ikabidi wasimame kidogo walielekeze. Zita, mwenye miaka kumi na moja, alitoka jikoni akijifuta mikono.

"Ingia, mama," alisema.

Ukaingia.

Mengine ya siku ile hatuyakumbuki vizuri.

Matuta ya mwaka huu tumeyapasua, ulezi tunapanda wiki hii. Wanaokukumbuka ni wanao Zita, ambaye ameomba aandikwe wa kwanza, Adela na Polikarp. Mdogo wako Cornelia. Jirani yako Gaudensi. Na wote waliowahi kushika jembe katika shamba lako.

Hatutakusahau, mama, siku zote tutakazojaliwa kuishi.