Njia za Shaun Kuzunguka Volterra

Volterra, Italia
21 Aprili 2024

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku milimani. Natumai presha imetulia na goti halikusumbui. Mimi ni mzima, ila jua limenichoma pua.

Nimefika mji ambao ndugu yangu Shaun alitaka tufike pamoja. Siku uliponisindikiza uwanja wa ndege nilijua hukupenda nibebe baiskeli yake badala ya yangu. Lakini njia hizi alizichora yeye, Mama. Kabla ya ile ajali ya barabara ya Don Mills, majira yote ya baridi alikuwa akiketi pale sebuleni kwako na simu mkononi, akinionyesha: hapa tutapanda, hapa tutateremka, hapa tutakula. Niliona si vizuri ziozee ndani ya simu ya marehemu.

Volterra ni mji wa mawe juu ya kilima, na ukuta wa kale umeuzunguka. Ukitoka kwa lango lolote unateremka, na kama unataka kulala kitandani mwako lazima upande tena. Leo nimeanza na njia ya Saline, kijiji cha chumvi kilicho bondeni. Ni mwinuko mrefu, kona baada ya kona, ngano mbichi pande zote na hakuna kivuli. Nilipofika langoni nilishuka na kuiegemeza baiskeli ukutani.

Hapo pana mgahawa mdogo wa mama mmoja anayeitwa Ornella. Niliagiza kahawa, akaleta vikombe viwili. Nikamwambia niko peke yangu. Akachungulia nje, akaitazama barabara, kisha akaomba radhi na kurudisha kimoja.

Mwanao,
Elkana

Toronto
24 Aprili 2024

Mwanangu Elkana,

Salamu zako nimezipata kwa barua pepe, na mimi nakurudishia zangu. Goti liko vilevile. Presha iko chini. Jepchirchir wa ghorofa ya nne hunipima akitoka zamu ya hospitali. Huku mtaani kwetu Regent Park theluji imeisha na watoto wamerudi uwanjani kupiga kelele.

Huyo mama wa kahawa labda amezoea wageni wanaokuja wawili wawili. Usilibebe jambo hilo kichwani.

Ile baiskeli, nakwambia ukweli, sijaipenda tangu polisi waliponiletea. Haikuwa hata na mkwaruzo. Nilijiuliza chuma kinaponaje na mtoto asipone. Maliza wiki zako mbili, urudi kazini. Na ule chakula cha kushiba. Mkate na jibini si chakula.

Mama yako

Volterra
9 Mei 2024

Mama,

U hali gani? Nisamehe kwa kimya. Najua kulingana na tiketi ningekuwa nimerudi. Nimeisogeza mbele, na kazini wamenikubalia likizo bila malipo.

Nikueleze kilichotokea. Wiki jana nilienda njia ya kusini, ya Larderello. Huko mvuke unatoka ardhini wenyewe, mweupe, na mabomba makubwa yanakatiza mashamba kuupeleka kwenye mitambo ya umeme. Ardhi inanuka kama mayai yaliyooza. Njiani walikuwa wakitengeneza barabara, na mzee mmoja alishika kibao cha kuruhusu magari. Nilipompita aliniita kwa sauti, akanionyesha ishara kwamba nipunguze mwendo nimngoje mwenzangu. Niligeuka. Hakukuwa na mtu, Mama, mvuke tu.

Tangu siku hiyo namsikia. Unakumbuka Shaun alivyokuwa akibadilisha gia mapema, kabla mlima haujaanza, nami nikimcheka kwamba anauogopa? Nasikia gia ikibadilika nyuma yangu, mita chache tu, kabla ya kila mwinuko.

Nilimuuliza Ornella, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, huyo mwenzangu anafananaje. Akashangaa swali lenyewe. Akasema ni mrefu, mwembamba, bega la kushoto limeinama, na hapendi kuingia ndani. Anadhani tumegombana.

Bega, Mama. Lile alilovunja akiwa darasa la sita. Sijawahi kumwambia mtu yeyote huku.

Mwanao,
Elkana

Toronto
11 Mei 2024

Elkana mwanangu,

Nimesoma barua yako mara nyingi, nikaiweka simu chini, nikaichukua tena. Sikuulizi kama u mzima, maana naona hu mzima.

Shaun tulimzika. Wewe ulikuwa upande wangu, ulinishika mkono. Mtu akizikwa anaachwa apumzike, hafuatwi kwenye milima ya watu. Sisemi unadanganya. Nasema kuna mambo ambayo hata yakiwa kweli, mtu hayakaribii. Rudi nyumbani wiki hii. Nikisikia umebaki huko nitajua hunihesabu kuwa mzazi.

Mama yako

Huyo Ornella muulize, je, huyo anayemwona anaonekana amechoka? Ni hilo tu. Muulize kama anaonekana amechoka.

Toronto
26 Mei 2024

Elkana,

Hujambo? Nimekupigia simu, haishikwi. Jepchirchir ananiambia labda ni mtandao wa milimani. Niandikie hata neno moja.

Mama yako

Volterra
2 Juni 2024

Mama mpendwa,

Samahani sana. Nilianguka, na simu ikavunjika; naandika kwa simu ya Ornella. Sijavunjika mfupa. Ni ngozi ya nyonga na mkono, na Ornella ananifunga bandeji kama mtoto wake.

Ni kwenye njia ya magharibi, inayopita karibu na Balze. Hilo ni genge refu la udongo ambalo limekuwa likimomonyoka miaka na miaka. Limeshameza makaburi ya kale na hata kanisa, na bado linakula. Barabara inateremka kwa kasi. Mimi nimegundua kwamba nikiteremka polepole anabaki nyuma, lakini nikiachilia breki anakaribia. Siku hiyo alikaribia hadi nikasikia anavyopumua. Nikaachilia zaidi. Kona ikanishinda.

Nilimuuliza Ornella lile swali lako. Ornella anasema hapana, haonekani amechoka. Anasema anaonekana kama mtu anayengoja kuambiwa jambo.

Siku zangu za kukaa huku kama mgeni zinaisha mwezi wa Julai. Niache hadi hapo. Baiskeli haikuharibika.

Mwanao,
Elkana

Toronto
4 Juni 2024

Elkana,

Nakuja. Jepchirchir amenikatia tiketi ya Jumapili na atanipeleka uwanja wa ndege. Nipokee Pisa. Usiguse hiyo baiskeli kabla sijafika.

Mama yako

Toronto
20 Juni 2024

Mwanangu Elkana,

Nimefika salama, namshukuru Mungu, ingawa wewe hukukubali turudi pamoja. Miguu ilivimba ndani ya ndege lakini sasa imeshuka. Natumai kidonda cha nyonga kimekauka.

Kuna jambo uliniuliza pale langoni, kama nimemwona, na sikukujibu. Nakujibu sasa.

Uliniomba nikae na Ornella kwenye benchi, uteremke hadi Saline, kisha upande, ili nami nimwone. Nilikubali. Usinidhanie nilikuja kukukataza tu. Mimi ndiye niliyebeba mimba yake. Kwenye ndege nilipanga hata maneno nitakayomwambia. Tulikaa na yule mama, yeye akimenya maharagwe, mimi nimeshika mkoba, tukiangalia ile kona ya mwisho chini ya miti. Akanigusa mkono, akasema, ‘Hao wanakuja, wote wawili.’ Alifurahi kwa ajili yangu. Sikumwambia kwamba mmoja wao tulimzika.

Nilisimama. Nilitazama kwa macho yangu yote. Nilikuona wewe, umeinama, damu imepenya bandeji, umekonda kiasi kwamba shati linapepea. Nyuma yako palikuwa na barabara tupu.

Mgeni anamwona mwanangu. Mzee wa barabarani anamwona. Wewe unamsikia. Mimi mamake sikupewa chochote. Nililia nikikukumbatia, nawe ukafikiri nimemwona. La. Nililia kwa uchungu, halafu nikahisi mbavu zako chini ya mikono yangu zikipanda na kushuka, nikajua niliyekuja kumchukua ni nani.

Nina mtoto mmoja ninayeweza kumwona. Usininyime huyo.

Mama yako

Volterra
28 Juni 2024

Mama mpendwa,

Salamu za upendo. Kidonda kimekauka. Barua yako niliisoma nje ya ukuta, nikakaa hapo hadi jua likawa kali.

Nimekata tiketi. Nafika Toronto Alhamisi ijayo, jioni.

Jana nilipanda Saline mara ya mwisho. Nilienda taratibu, mikono kwenye breki hata pasipohitaji breki. Nilimwambia Shaun yote, kwa sauti, kama mwendawazimu: kwamba narudi kwa Mama, kwamba siwezi kuendelea kumkimbilia. Nilisubiri gia ibadilike kabla ya mwinuko wa mwisho. Haikubadilika. Nilisikia pumzi yangu tu.

Langoni nilimuuliza Ornella kama mwenzangu amepita. Akasema ndiyo, asubuhi na mapema, mbio, hata hakugeuka. Nikamuuliza ameenda wapi. Alisema neno la Kitaliano ambalo sina budi kuliweka kwa lugha yetu jinsi lilivyoniingia. Alisema ametangulia.

Baiskeli nimemwachia Ornella. Atampa yeyote atakayeitaka.

Mwanao,
Elkana

Toronto
30 Juni 2024

Mwanangu Elkana,

Nimefurahi kusikia u mzima. Mimi pia sijambo, presha tu imepanda kidogo leo.

Jepchirchir alikuja asubuhi tuende kanisani. Alipoingia tu aliniuliza mbona sikumwambia umerudi. Nikamwambia unafika Alhamisi. Akacheka, akadhani namficha. Anasema amemwona kijana kwa mgongo, pale chini, akiingiza baiskeli kwenye lifti. Alipiga mbio amshikie mlango, lakini ulikuwa umefungika, na taa zikaonyesha imesimama ghorofa yetu.

Nilimwambia atangulie kanisani, goti linaniuma.

Nimekaa sebuleni tangu wakati huo. Nimepika, nimefunika. Sijamwona mtu, na sidhani nitamwona, lakini nimeyasema yale maneno niliyoyapanga kwenye ndege, yote, polepole.

Mlango sijaufunga kwa ufunguo. Ila wewe ukifika Alhamisi, gonga kwanza, ili nijue ni wewe.

Mama yenu