Mufalme wa Chini ya Mulima

Yaya Rehema, dada yangu mukubwa, nakusalimia toka Bunia. Nakuandikia wima, kukaa kumenishinda.

Tuko kwenye mazoezi ya mchezo wangu wa mashairi, hapa mutaani Saio. Nilimupa mchimba dhahabu mumoja nafasi ya mufalme anayekula watu chini ya mulima. Akasoma beti zake, akafunga daftari. "Mama, hii maneno siwezi kusema. Kesho niko nashuka mu shimo."

Yaya, miaka yote ya riwaya na michezo nilijidai ninabuni, kumbe huyu mufalme kwake ni wa kweli! Nimechana mwisho wote wa mchezo. Mvua inapiga mabati, waigizaji wananingoja, na hakuna hata mustari mumoja unaokuja. Mchimba anakula muhogo wake, ametulia.

Kadi hii ikikufikia, atakuwa ameshashuka. Uniombee ubeti, lakini umuombee yeye kwanza.

Mudogo wako, Neema