Minofu ya Changu kwa Shangazi

Dada Zuhura, shikamoo.

Malindi joto, lakini kwa shangazi tunakula vizuri. Jana alialika majirani zake, mume na mke Waingereza, tukazunguka sinia moja la wali kwa samaki, changu wa kukaanga. Wakaanza kubishana: mume alipiga kura nchi yao ijitoe kwenye Umoja wa Ulaya, mke hakutaka. “Umetuharibia,” mke akamwambia mbele yetu. Mume akapaza sauti, huku anachambua miiba ya changu na kumsogezea mke minofu.

Wivu ulinikaba. Mimi na mume wangu Hemedi hatujabishana hata siku moja, na minofu yote huishia upande wake.

Wabusu wanangu. Najua Hemedi ndiye anayekuchukulia barua posta, na kadi hii haina bahasha. Aisome.

Mdogo wako, Mwanaisha